Mbona Umewafululiza?

Mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa mwaka mmoja na ushei mkononi hawezi kutembea mitaa mitatu ya Dar es Salaam pasipo kuulizwa swali moja: “Mbona umewafululiza?” Huuliza muuguzi kliniki, huuliza wifi sebuleni, huuliza hata abiria asiyemjua jina. Aghalabu swali huja na sauti ya huruma. Wakati mwingine huja na kejeli. Sijapata kusikia hata mara moja likielekezwa kwa mumewe. Sijapata kusikia likielekezwa kwa mwajiri wake, kwa mbunge wake, wala kwa mhandisi aliyechora barabara anayoivuka.

Nadai katika makala haya kwamba muda unaopita kati ya mtoto na mtoto si jambo la chumbani peke yake. Ni zao la sheria za kazi, ratiba za zahanati, nauli za daladala na mgawanyo wa kazi za nyumbani. Ni suala la kisiasa, nasi tumeligeuza kuwa aibu ya mwanamke ili tusiwajibike kulijibu.

Nianze kwa kuondoa shaka. Sipingi kupishanisha watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, baada ya kujifungua mtoto aliye hai, mwanamke akae walau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Ongeza miezi 9 ya ujauzito, na watoto watapishana takriban miaka 2 na miezi 9. Sababu zinajulikana: mwili wa mama unahitaji kurejesha damu na virutubisho vilivyotumika, na mimba zinazofuatana upesi zina hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito pungufu.

Wala elimu hiyo haikuletwa na meli. Kiswahili chenyewe hupima umri wa ndugu kwa ziwa: tunasema fulani na fulani wamefuatana ziwa. Wazee wetu walimwona mtoto aliyedhoofu, miguu myembamba, kutembea kumemshinda, wakasema amebemendwa. Maelezo yao ya chanzo yalikuwa na kasoro, kwani maziwa ya mama hayaharibiwi na tendo la ndoa. Lakini walichokiona kwa macho kilikuwa cha kweli: mtoto anayeng’olewa ziwani kabla ya wakati, bila chakula cha kushika nafasi ya maziwa, huangamia. Wagaa wa Ghana waliliona hilo hilo. Ugonjwa tunaouita unyafuzi umeingia katika vitabu vya tiba duniani kwa jina la kwao, kwashiorkor, ambalo Dkt. Cicely Williams alilieleza mwaka 1935 kuwa ni ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mwenzake. Na Waislamu wa pwani walikuwa na Kurani, ambayo katika Sura ya pili inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza.

Kwa hiyo ujuzi tulikuwa nao. Swali ni nani aliyebebeshwa kazi ya kuutekeleza. Hata enzi hizo lawama za kubemenda mara nyingi zilimwangukia mama. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mama wa leo hana: mikono. Alikwenda kwao kujifungua. Alikaa ndani arobaini akilishwa uji wa pilipili manga. Mtoto wake mkubwa alilelewa na bibi, shangazi na binti wa jirani, na kutoka nyumba moja hadi nyingine ilikuwa ni kuvuka ua. Mama wa leo yuko chumba kimoja Mbagala au Chanika. Bibi yuko Songea. Na binti wa kumsaidia, akipatikana, mara nyingi ni mtoto wa watu ambaye naye alistahili kuwa shuleni. Tumemwondolea mwanamke mikono kumi, kisha tunashangaa kwamba miwili iliyobaki haitoshi.

Tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua pacha. Siku 84 ni wiki 12. Serikali hiyo hiyo, kupitia kila bango la kliniki, inamwagiza mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6. Hebu msomaji afanye hesabu. Ofisi inamwita mwezi wa tatu, bango linamwambia mwezi wa sita. Sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, lakini anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala atazimaliza saa hizo mbili barabarani kabla hajafungua kifungo cha blauzi.

Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kufululiza. Kunyonyesha kikamilifu, usiku na mchana, katika miezi 6 ya kwanza na kabla hedhi haijarudi, huzuia mimba kwa kiwango kinachofikia asilimia 98. Mama anapolazimika kumwacha mtoto na chupa katika wiki ya 13, kinga hiyo huyumba. Kisha mimba ikiingia, tunamwita mzembe! Na hayo hayaishi hapo. Likizo hiyo huhesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, maana yake aliyejifungua mara mbili ndani ya mzunguko mmoja hana uhakika wa likizo ya pili yenye malipo. Sheria basi ina msimamo kuhusu kupishanisha watoto, na adhabu ya kuukiuka inamwendea mmoja tu kati ya wawili waliohusika. Huyo wa pili, yaani baba, amepewa siku 3. Siku tatu hazitoshi hata kuandikisha jina la mtoto na kurudisha vyombo vya shughuli.

Nimewazungumzia waajiriwa, ambao ni wachache. Mama lishe, muuza mboga wa Buguruni na mkulima wa Kilosa hawana hata hizo 84. Kwao likizo huisha siku akiba inapoisha.

Wanasiasa wetu wamelishughulikiaje jambo hili? Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Watanzania kwamba uwezo wa kuwatunza watoto una uzito kuliko wingi wao. Septemba 2018, mkoani Simiyu, Hayati Rais Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, akisema wanaoutumia ni wavivu wa kulea. Muda si mrefu matangazo ya uzazi wa mpango yakasitishwa katika redio na televisheni. Upande wa pili wamesimama wafadhili na wataalamu wenye takwimu zao: watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, na wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke. Kambi moja inasema zaeni, nyingine inasema punguzeni. Zinapingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: zote mbili zinazungumza na tumbo la mwanamke. Hakuna inayouliza huyo mwanamke atavukaje barabara kesho asubuhi.

Basi tuulize sisi. Mtoto wa miezi 15 ametembea juzi. Hajui gari, hasikii “ngoja”, na akichoka huketi chini pale pale alipo, hata kama ni katikati ya kivuko. Mtoto wa miezi 33 hutembea, husema, hushika upindo wa kanga ya mamaye na kuelewa kwa nini asiuachie. Kwa hiyo mama aliyepishanisha miezi 33 ana mtoto wa kubeba mmoja. Aliyepishanisha miezi 15 ana wa kubeba wawili, na mgongo ni mmoja. Tofauti ya maumbile imekwisha hapo. Yanayofuata ni maamuzi ya watu.

Anaingia kwenye daladala. Konda anamwambia, “Mama, pakata mtoto.” Yupi? Wa mgongoni hana budi kufunguliwa mbeleko ahamie kifuani, ndipo mama aweze kukaa. Huyo wa mkononi akikalia kiti, atadaiwa nauli. Basi anawapakata wote wawili, na mfuko wa nepi unakaa juu ya miguu ya jirani anayesonya. Akishindwa daladala, huchukua bodaboda: dereva mbele, mkubwa katikati, mama nyuma, mchanga mgongoni. Vijana huita mshikaki. Jina linachekesha, lakini wanaochomekwa ni watoto.

Mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze mwaka 2016, yameonyesha kwamba tukitaka tunaweza: sakafu ya kituo inalingana na mlango wa basi, na mtoto wa miaka miwili huingia kwa miguu yake. Lakini ni nani anayefika kituoni humo bila kupita kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, au ambayo njia yake imegeuzwa maegesho? Kigari cha mtoto katika mitaa yetu mingi ni pambo la kupigia picha. Hakipandi mtaro, hakivuki mchanga, hakipiti kati ya meza za wamachinga. Mbeleko ndiyo miundombinu pekee ambayo mwanamke wa nchi hii amewahi kukabidhiwa, na ameinunua mwenyewe.

Tuje kliniki. Ratiba ya chanjo inajulikana: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Watoto wakipishana miezi 15, wiki ya 14 ya mdogo inaangukia takriban siku zile zile ambazo mkubwa anatimiza miezi 18. Ni mama mmoja, ni jengo moja, pengine ni muuguzi yule yule. Ni kitu gani kinachozuia kadi mbili kuandikwa tarehe moja? Mara nyingi hakuna, isipokuwa kwamba hakuna aliyefikiri. Basi mama anasafiri Jumanne na wa kwanza, Alhamisi na wa pili, na safari zote mbili anakwenda na watoto wote wawili, maana hana wa kumwachia.

Mimi ni baba wa watoto wawili, na nimepanda daladala nikiwa nao peke yangu mara nyingi. Naomba nitoe ushahidi. Nikiingia, kijana huinuka. “Mzee, kaa hapa.” Konda hushika mkono wa mkubwa na hamtozi nauli. Akina mama hunitazama kwa macho ya mapenzi na kusema wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Kituo kinachofuata anaingia dada mwenye mzigo ule ule, umri wa watoto ule ule, na mtu wa kiti cha nyuma anauliza kwa sauti, “Huyu naye, hakupumzika?” Watoto wangu wanaitwa baraka na wake wanaitwa uzembe, ndani ya basi moja, kwa nauli moja. Sihitaji nadharia ndefu kueleza tofauti hiyo. Kwa mwanamume malezi ni hisani, kwa hiyo hushukuriwa. Kwa mwanamke ni deni, kwa hiyo hukaguliwa.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza: “Si wangepanga?” Wangapi wamepanga wakakuta dawa imekwisha zahanati? Wangapi wamerudi na kadi ya uzazi wa mpango wakaificha chini ya godoro kwa kuogopa kipigo? Kupanga ni kitenzi cha watu wawili, nasi tumekinyambua kwa mmoja. La pili: “Nchi yetu ni maskini.” Ni maskini, naam. Lakini mteremko wa zege haugharimu zaidi ya ngazi za zege, na kuandika tarehe moja katika kadi mbili hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. La tatu, ambalo husemwa na wanaojiita walinzi wa mila: “Bibi zetu walizaa kumi na hawakulalamika.” Walilalamika. Walilalamika jikoni, katika nyimbo za kutwangia na maandishi ya kanga, na sisi wanaume tulikuwa barazani.

Yanayotakiwa hayana fumbo. Likizo ya uzazi ifike miezi 6, ili sheria na bango la kliniki viache kugombana. Likizo ya baba ihesabiwe kwa wiki. Mifuko ya hifadhi ya jamii itafute njia ya kumfikia mama lishe. Njia za uzazi wa mpango zipatikane zahanati mwaka mzima, pasipo kutegemea hotuba ya nani imesikika juzi, na ushauri wake utolewe kwa mume na mke pamoja. Zahanati ziunganishe tarehe za watoto wa nyumba moja. Halmashauri zirudishe njia za waenda kwa miguu kwa waenda kwa miguu. Na mbeleko, wanaume wenzangu, haibagui mgongo.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Walisema kweli, ila hawakutaja kazi hiyo ni ya nani, na kwa vizazi vingi tumelitumia kimya lile kama hati ya msamaha. Ukikutana leo na mama mwenye mmoja mgongoni na mmoja mkononi, usimwulize mbona amewafululiza. Mpokee mmoja, mvuke barabara, kisha uende ukamwulize mbunge wako.