Mkaa, Mtaa wa Kongo na Mume Wangu

Mwezi huu vidole vyangu ni vyeusi na wala sijakanyaga jikoni. Nimeanza kuchora kwa mkaa. Si huu wa kupikia wali, mwenzenu nilijaribu ukanikwaruzia karatasi. Ni vijiti vyembamba vya mti wa willow vilivyochomwa pasipo hewa, laini, ukigusa tu vinaacha vumbi.

Jumamosi nikamburuta mume wangu hadi Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kazi yake kulinda pochi, yangu kuchora. Basi bwana, nani kakwambia mtu wa Kongo anasimama akusubiri? Namuanza muuza mitumba, kashahama. Namuanza mbeba mzigo, "pisha, pisha!", kapita. Karatasi ya kwanza nikaichana.

Siri ni kufinya macho hadi sura za watu zipotee, ubaki na giza na mwanga tu. Laza kijiti ubavu, paka kivuli cha miavuli na umati kwa mkupuo mmoja, kisha toa mwanga kwa raba. Halafu, ukichora umesimama, vichwa vya watu wa kimo chako, wa karibu na wa mbali, vyote viko usawa wa macho yako; miguu ndiyo inayopanda juu karatasini kadiri mtu anavyokuwa mbali. Nilipolijua hilo, mtaa ukajaa wenyewe!

Nikanogewa na mzee mmoja wa mkokoteni aliyekuwa amepumzika. Mume wangu akasema taratibu, huku anaangalia pembeni: "Huyo baba umemtazama dakika ishirini. Mimi mara ya mwisho lini?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Wanaotoa jarida wanaijua ile wiki ya kufunga kurasa. Kwangu imegeuka miezi. Narudi amelala, naondoka anaoga. Tunaongea kwa meseji, tena za umeme umeisha.

"Simama hapo ukutani," nikamwambia.

"Na pochi?"

"Simama nayo."

Akasimama, pochi yangu ya pinki kifuani, wauza mitumba wakimcheka waziwazi. Nilipofika kwenye ndevu nikapaka giza, nikamtazama tena, ikabidi nirudi na raba. Jamani, weupe ule umeanza lini?

Nikamuuliza.

"Tangu mwaka jana," akajibu, bila kutikisika.