Kompyuta Mmenunua, Karani Je?

Wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu simu mpya wala toleo jipya la Windows. Naandika kuhusu karani wa shule. Yule anayekaa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya mwalimu mkuu, mafaili yamemzunguka, na ambaye mkifika mnamwuliza "Mkubwa yuko?" bila hata kumsalimu. Naye sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wanaodhani mfumo wa kompyuta utafanya kazi bila yeye kufunzwa.

Tuchukue Oldonyiro, upande wa magharibi wa Kaunti ya Isiolo, mpakani na Samburu na Laikipia. Ni nchi ya wafugaji, Wasamburu na Waturkana wengi, na soko la mifugo ndilo moyo wa mji. Nimechagua huko makusudi. Ukitaka kujua kama mfumo umeundwa vizuri, usiujaribu Westlands penye mtandao wa kasi. Upeleke mahali ambapo familia huhama na ng'ombe mvua ikikosa.

Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilizindua NEMIS, mfumo wa kuweka taarifa za kila mwanafunzi nchini. Mtoto aliingizwa pamoja na namba ya cheti chake cha kuzaliwa, akapewa namba yake ya kipekee, na fedha za serikali zikaifuata namba hiyo. Baadaye tukaanza kuambiwa kuhusu mrithi wake, KEMIS. Jina limebadilika, kazi ni ile ile: asiyeonekana kwenye skrini hana pesa.

Sasa piga hesabu nami. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa wa sekondari (na hata hizo hazifiki zote, lakini hilo ni zogo la siku nyingine). Wanafunzi 15 tu wa sekondari wakikwama kwenye mfumo kwa sababu jina la kwenye cheti halilingani na la kwenye rejista, shule inakosa shilingi 333,660. Hiyo ni mishahara ya wafanyakazi kadhaa. Imepotea kwa sababu ya herufi!

Na herufi huko si jambo dogo. Majina mengi ya familia za Kisamburu huanza na "Le". Mtoto mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la familia kwenye cheti, la utani nyumbani na la ubatizo darasani. Nani anajua kwamba hao watatu ni mtu mmoja? Si mimi mwandika programu niliyeketi Nairobi. Si afisa wa wizara. Mara nyingi wala si mwalimu, kwa maana mwalimu anaajiriwa na TSC na anaweza kupewa uhamisho kesho asubuhi. Anayejua ni karani aliyezaliwa pale, anayewafahamu wazazi, anayejua familia ipi imehamia wapi. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Mwambieni mtu wa Nairobi aeleze nani aliacha shule na nani alifuata mifugo na atarudi!

Mwalimu ana mwajiri wa kitaifa, ana namba ya usajili, na Septemba 2021 TSC ilimzindulia mpango wa kujiendeleza kikazi. Walimu waliulalamikia, kwa haki kabisa, kwa sababu walitakiwa kuulipia shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni. Lakini karani hata kwenye malalamiko hayo hayumo! Yeye, bursa, mpishi, bawabu, matroni na fundi wa maabara ni wa Bodi ya Usimamizi ya shule. Wanalipwa kutoka kwenye fedha hizo hizo zinazochelewa. KEMI, taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu, ina kozi zinazowafaa bursa na wenzao, sikatai. Ila nauli, ada na posho atatoa nani? Bodi ambayo haijamlipa mshahara wa mwezi uliopita?

Hebu niwape mfano ambao wana-IT wenzangu huwa hawaufikirii: mpishi. Kiwango cha kawaida cha chakula cha shule kwenye maeneo kame kimekuwa gramu 150 za nafaka na 40 za kunde kwa mtoto kwa siku. Watoto 200 ni kilo 30 za nafaka. Mpishi akipima kilo 27 anajua wamefika 180. Jamani, hiyo ni data! Tena ni safi kuliko ya mfumo, maana sufuria haina sababu ya kudanganya. Mwaka 2025 wizara ilianza kuhakiki upya idadi ya wanafunzi nchini kwa sababu ya wanafunzi hewa. Maafisa, magari, fomu... Na jikoni kuna mama ambaye angeweza kuwaambia hesabu ya kila siku ya miaka kumi kama mtu angemfundisha kuiandika kwenye daftari lenye safu tatu. Haihitaji hata kompyuta. Inahitaji siku moja ya mafunzo na mtu wa kumheshimu.

Kuna pia suala la siri za watoto. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019. Septemba 2023 shule moja jijini Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa niambieni, ni karani gani wa kijijini ameketishwa akaelezwa sheria hiyo? Anapewa nywila ya mwalimu mkuu kwenye kikaratasi, anaenda saiba, anaingiza vyeti vya kuzaliwa vya darasa zima kwenye mashine ya mtu mwingine, anaacha faili kwenye eneokazi. Likitokea la kutokea, wa kwanza kufutwa ni yeye.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Ukiwafunza wataondoka." Wataondoka kwenda wapi? Ni wenyeji, wana boma pale, mbuzi wao wako pale. Walimu ndio wanaohama, na wao ndio mnaowafunza. La pili: "Hawana elimu ya kutosha." Mtu anayetuma na kupokea M-Pesa, anayekagua salio la mgao wa shule kwa kichwa na kujua nani anadaiwa magunia mangapi ya mahindi, atashindwa na jedwali la Excel? Tatizo ni mwalimu anayemfundisha kwa Kiingereza cha mwongozo kurasa 90. Mfundisheni kwa Kiswahili, kwa rejista yake mwenyewe, wakati wa likizo shule ikiwa tulivu. Na mfuateni aliko, Oldonyiro hapo hapo, si hotelini Nakuru.

Lakini siwezi kuilaumu serikali peke yake nikatuacha sisi watengenezaji. Niliwahi kuandika programu ya karo kwa shule moja, siitaji. Kwenye ankara niliweka siku tatu za mafunzo kwa karani na bursa. Ikarudi mstari huo umekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni imeandikwa "watajifunza wenyewe". Seva ikanunuliwa. Printa ikanunuliwa. Nilibishana hadi nikachoka. Wenzangu wengi hawabishani kabisa, kwa sababu karani asiyefunzwa hupiga simu kila wiki, na kila simu ni pesa ya matengenezo. Tusidanganyane, hiyo ni biashara ya kuuza ujinga wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mwenzangu unayeandika ankara ya shule wiki hii: mafunzo yaweke mstari wa kwanza, juu ya leseni, siku tatu, kwa majina ya watu. Mwalimu mkuu akitaka kupunguza gharama, aanzie na printa ya rangi.