Alama A Haing'oi Gego

Katika sherehe ya kuwatuza wanafunzi bora, iliyofanyika katika shule moja ya sekondari si mbali na Kimilili, ambako mgeni wa heshima aliwasili saa tatu baada ya wakati ulioandikwa katika kadi na akaanza kwa kutusimulia jinsi barabara ilivyomtesa, kana kwamba sisi wazee tuliokaa juani tangu asubuhi tulifika pale kwa mbawa, yalisemwa maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka hunipanda ghaidhi. Mgeni huyo aliwausia wazazi wasijisumbue kumwuliza mtoto aliyepata A anataka kuwa nani, maana alama zimekwisha kumjibia: Mwenyezi Mungu humwandikia tabibu alama kabla ya kumwandikia kazi, na hata mtoto akiukosa udaktari kwa upungufu wa nukta chache, asilie, kwani upo udaktari wa meno. Hema zima likapiga makofi. Mchungaji akaitikia Amina, na mwalimu mkuu akatabasamu kwa namna ya mtu ambaye shule yake imepata tangazo bila kulipia.

Sina ugomvi na Mwenyezi Mungu. Ugomvi wangu ni na waja wanaomsingizia kazi iliyofanywa na kompyuta. Itikadi hii, kwamba aliyewashinda wenziwe katika mtihani wa kidato cha nne ndiye anayestahiki kutia koleo kinywani mwa binadamu mwenziwe, imeenea kutoka Kitale hadi Bungoma, na kutoka Bungoma hadi Nairobi, kiasi kwamba anayeiuliza burhani hutazamwa kama mtu anayewaonea gere watoto wa watu. Nami ninaiuliza burhani.

Tuitazame mizani yenyewe. Tangu KUCCPS ilipoirithi kazi ya ile bodi ya udahili tuliyoizoea kwa jina la JAB, mtoto anayetaka shahada ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachofundisha fani hiyo tangu 1974, au katika Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, hupimwa kwa pointi za klasta: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na somo la nne la kukamilisha hesabu. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, jumla ya masomo hayo manne iligawanywa kwa 48, jumla ya masomo yote saba iligawanywa kwa 84, matokeo mawili hayo yakazidishwa, kikatafutwa kipeuo cha pili, kikazidishwa tena kwa 48, na tarakimu inayotoka, yenye nukta na tarakimu tatu nyuma yake, ndiyo inayoamua nani atayatoboa magego ya watu na nani atakwenda kusomea mambo mengine. Tarakimu tatu nyuma ya nukta! Seremala wa Kitale anayekupimia mlango hapimi kwa ufinyu wa namna hiyo, walakini yeye, kabla ya kupewa kazi, huulizwa jambo ambalo mtoto wetu haulizwi hata mara moja katika safari yake yote: hebu tuone mikono yako.

Hapo ndipo ninaposimama, wala sitaondoka. Udaktari wa meno ni kazi ya mkono. Ni kazi ya mkono unaoongozwa na akili, naam, lakini mkono ndio unaoingia kinywani, na kinywa ni pango dogo, lenye giza, lenye mate, lenye ulimi usiotulia, na mwenye pango hilo ameshika mikono ya kiti kwa hofu. Tabibu wa homa aweza kufikiri, akaandika, akaenda zake. Tabibu wa meno hufikiri kwa vidole vyake, na kosa la unywele mmoja humpeleka kwenye mshipa wa fahamu. Sasa nionyesheni, katika karatasi zote za KCSE, mtihani huo wa kidato cha nne, swali linalopima kama kidole cha mtahiniwa kinatetemeka. Nionyesheni alama iliyotolewa kwa subira, au kwa upole wa kumtuliza mtoto wa miaka sita anayelia. Halipo swali hilo, wala haipo alama hiyo, na chuo kikuu huipokea orodha kutoka kwa kompyuta kama mtu anavyopokea mahari aliyohesabiwa na wengine.

Na hizo alama zenyewe, ambazo tunaambiwa ni sauti ya mbinguni, zina tabia ya kubadilika pamoja na mawaziri. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka 2016, baada ya Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, kuivunja bodi ya Baraza la Mitihani na kuzikaza kamba, waliopata A walibaki 141. Je, katika miezi kumi na miwili watoto wa Kenya walipoteza akili? Au Mwenyezi Mungu alipunguza matabibu? Mgeni wa heshima hakutufasiria hilo.

Mimi nina haki ya kusema, maana gego langu la chini, upande wa kushoto, limepata kuionja elimu ya juu. Katika kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja, wala mji wake sitautaja, nilihudumiwa na kijana nadhifu ambaye msichana wa mapokezi alinieleza, kabla hata sijalipa, kwamba alikuwa na A ya pointi themanini na kitu. Alinichoma sindano ya ganzi, akashika koleo, akavuta. Jino likavunjika, kichwa kikatoka na mizizi ikabaki. Alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, kisha akaniambia nirudi wiki ijayo, na pesa yangu ikawa imekwisha kuingia sandukuni. Mizizi ile ilitolewa, usaha umekwisha kujaa, na afisa wa afya ya kinywa katika hospitali ya umma, mtu wa stashahada kutoka chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, ambaye kwa alama zake za kidato cha nne KUCCPS isingempa hata fomu ya kuombea shahada hiyo. Alifanya kazi huku akinizungumzisha habari za bei ya mahindi, nami sikutambua alipomaliza. “Pole, mwalimu, tumeshatoka,” akasema. Nilimwuliza wapi alijifunza utulivu ule wa mkono. Akacheka, akasema kwamba utotoni alikuwa akizifungua redio za majirani kule Chwele, na akipigwa kwa zile alizoshindwa kuzifunga.

Mtu ataniambia kwamba huo ni ushahidi wa gego moja. Hakika ni moja, lakini lilikuwa langu.

Sasa tuwatazame wengine, maana sisi hupenda kuambiwa kwamba ng'ambo wamefanya hivi na vile. Huko Marekani, mtihani wa kuwachagua waombaji wa udaktari wa meno ulikuwa, hadi mwaka 1972, na sehemu ya kuchonga chaki kwa kipimo. Huko Kanada, kwa miaka mingi hadi hivi majuzi, mwombaji alipewa kipande cha sabuni, kisu na mchoro wenye vipimo, akaambiwa achonge. Sabuni! Nchi yenye mali kama Kanada haikuona haya kuuweka mustakabali wa tabibu juu ya sabuni, na sisi tulio na mche wa sabuni katika kila duka la kila njia panda kutoka Kiminini hadi Webuye tunajifanya hatuna cha kupimia. Huko Uingereza nako, tulikoiga mambo mengi yasiyotufaa, mwombaji huitwa, akaketishwa, akahojiwa, akatazamwa usoni, ili ijulikane kama ni mtu anayeweza kuzungumza na mwenye maumivu. Hilo hatukuliiga. Tumeiga majoho.

Najua kwamba wenye chaki waliiacha chaki, na wenye sabuni wakaiacha sabuni, kwa hoja kwamba mkono hufundishika chuoni. Vema. Ikiwa mkono wafundishika katika miaka 5, Kemia je, haifundishiki? Mbona hatusemi mwombaji aje na Kemia yoyote, maadamu ataifundishwa huko mbele? Kinachoweza kuhesabiwa na kompyuta hudaiwa kabla ya kuingia. Kisichohesabika huachiwa bahati, kisha bahati hiyo huitwa insafu.

Mpwa wangu, kijana msomi ambaye siku hizi haongei bila kuitazama simu, alinijibu kwa hoja aliyoiona kuwa ya mwisho: “Mjomba, mambo ya mikono yamepitwa, siku hizi kuna mashine.” Nilimwuliza ni mashine gani iliyoko katika hospitali ya Endebess au Kapsokwony, akanyamaza. Mashine! Umeme ukikatika Bungoma saa nne asubuhi, mashine hiyo itaning'inia kinywani mwa mgonjwa ikimsubiri mtu wa umeme, na mkono wa tabibu aliyepata A katika Fizikia utampepea. Mwingine akaniambia kwamba usaili na sabuni vitaleta mlungula, ati mwenye pesa atanunua alama ya sabuni. Maneno hayo hutoka katika nchi ambayo karatasi za mtihani zimewahi kusomwa kwenye simu kabla ya kufika madarasani. Rushwa ya karatasi wameizoea hata hawaioni tena. Rushwa ya sabuni, ambayo bado haijatendwa, ndiyo inayowakosesha usingizi.

Wala msinifikirie kwamba nasema haya kwa kuwa nilifundisha useremala, ingawa nilifundisha, na ninajivunia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, uliahidi kwamba mtoto atashika randa, sindano na udongo kabla ya kushika cheti. Wazazi walichanga mbao na mabati, karakana zikajengwa, na mtihani wa sanaa na kazi za mikono ukawepo katika shule za msingi. Kisha watu waliokaa Nairobi wakaona mzigo wa masomo ni mzito, na walipotafuta cha kupunguza, hawakupunguza kukariri, walipunguza mikono. Karakana nyingine sasa ni ghala za mahindi. Leo hii, ukitaka kuona vidole vya tabibu wa meno, usiende kwenye mkutano wa maombi ambako kalamu za watahiniwa hupakwa mafuta ya baraka. Pita kwenye baraza za mji wa Bungoma, uwatazame vijana wanaotengeneza simu, jinsi wanavyoishika skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi, jicho moja kwenye lenzi, huku wateja watatu wakiwapigia kelele, na mkono usitikisike. Wengi wao walipata D. Hakuna aliyewauliza.

Kinachonikera fauka ya hayo ni ile kauli ya “hata akikosa udaktari.” Maana yake ni kwamba kiti cha meno ni mkeka wa kulalia aliyenyimwa kitanda. Mtoto aliyeota miaka minne kuwa mpasuaji wa moyo, akakoseshwa na ile sehemu ya elfu ya pointi, huingia darasani akiwa na msiba; mwaka wa kwanza huutumia akitafuta uhamisho wa kozi, na asipoupata hukaa miaka yote akiwatazama wenziwe wa upande wa pili, kisha tunashangaa kwamba hapendi kinywa cha mtu. Ilhali, katika shule ya kutwa kule Sibanga au Kapsokwony, yumkini yuko msichana aliyeona mdogo wake akichokolewa fizi kwa ncha ya spoku na mganga wa kienyeji kwa itikadi ya “meno ya plastiki,” akaapa moyoni kwamba atakuwa daktari wa meno na si kitu kingine. Lakini amepata B ya Hisabati kwa mwalimu mmoja wa Hisabati katika shule nzima, na kiapo chake hakina klasta.

Na kazi ipo, wala si ndogo. Tupo katika nchi ya miwa. Watoto wetu kandokando ya Nzoia hutafuna miwa kutwa, soda imefika hadi juu mlimani, na jino likianza kuuma mtu husugua karafuu na kumeza vidonge vya dukani mpaka shavu livimbe. Waliofuzu kwa nukta tatu hufungua kliniki mijini, ambako watu hulipa kung'arishwa meno ambayo hayaumi. Siwalaumu; hakuna aliyewauliza, kabla ya kuwapa nafasi, kama wamewahi kuiona Endebess, au kama wanaweza kumwuliza bibi kizee wa Kibukusu jino lipi linamwuma kwa lugha anayoielewa. Kiswahili chenyewe kimo katika orodha ya masomo yanayoweza kujaza ile nafasi ya nne ya klasta, na nimekutana na waliopata A ndani yake ambao mbele ya mgonjwa hawawezi kutamka neno ganzi bila kuazima.

Sasa KCSE yenyewe inakwisha. Mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mwaka 2027, na wale wa mtaala mpya wa CBC watabisha vyuoni baada ya hapo, wakiwa wametathminiwa, kwa madai ya waliouleta mtaala huo, kwa yale wanayoyaweza kufanya na si kwa yale waliyoyakariri. Klasta itabidi iandikwe upya, watake wasitake. Basi kabla hawajaiandika kwa kipeuo kingine chenye nukta ndefu zaidi, wakuu wa vitivo vya meno vya Nairobi na Moi na wadai kitu kimoja: wale watakaopita mstari wa alama, na mstari huo uteremshwe kidogo, waitwe Eldoret au Nairobi kwa siku moja, kila mmoja apewe kisu, rula, mchoro wa gego na kipande cha mche wa sabuni, kisha aketishwe mbele ya mzee mwenye maumivu amweleze atakachomfanyia. Mzee nitajitolea mimi. Magego ya kutosha bado ninayo. Atakayeniambia kwamba KUCCPS haina safu ya kuandikia alama hiyo katika kompyuta yake, namwomba aiongeze kando ya ile ya Kemia, pana nafasi.