Kukojoa Damu Si Dalili ya Kukua

Bado wapo wazazi huku Rufiji na Kibiti wanaosema kwamba mvulana akikojoa damu, anakua. Hapana. Hicho ni kichocho.

Mwili umejengwa kwa ngazi. Chembe hai za aina moja huungana kuwa tishu. Tishu mbalimbali hufanya ogani, kama kibofu. Kibofu, figo na mirija yake ni mfumo wa mkojo. Mifumo yote kwa pamoja ndiyo mtoto wako.

Kichocho hupanda ngazi hiyohiyo. Vijidudu vitokavyo kwa konokono wa madimbwi na mashamba ya mpunga hupenya ngozi. Vikishakuwa minyoo hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake hutoboa ukuta wa kibofu. Ndiyo maana damu huonekana. Mayai yanayobaki huleta makovu. Tishu hukakamaa, mirija huziba, figo huharibika. Kwa wengine, baada ya miaka mingi, huja saratani ya kibofu. Wasichana nao huumizwa katika mlango wa uzazi.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haifuti makovu ya zamani wala haizuii kuambukizwa upya. Kwa hiyo tusingoje. Mlete mtoto zahanati mapema, umruhusu kumeza dawa zinapogawiwa shuleni, na umfundishe kutumia choo, asikojoe majini. Ugonjwa ukizuiwa ngazi ya chini, mwili mzima husalimika.