Dawa za kutuliza kinga ya mwili: kwa nini TB ipimwe kwanza

Mtu anaharisha kwa miezi. Choo kina damu, tumbo linasokota, uzito unapungua. Anatibiwa amiba, kisha taifodi, na bado hapati nafuu. Mara nyingi chanzo huwa kweli ni maambukizi. Lakini wakati mwingine tatizo ni mchochota wa kudumu: utumbo unavimba na kutoka vidonda kwa sababu kinga ya mwili haitulii. Aina kuu ni mbili: kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York, Burrill Crohn, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932.

Kinga hiyo inapigana na nani? Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi matrilioni ya bakteria. Wengi ni wapangaji wema: huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa kemikali zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa wagonjwa hawa, aina za bakteria wema hupungua, na kinga huwashughulikia wapangaji kama wavamizi.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya infliximab kwa ugonjwa wa Crohn. Dawa hii huzuia TNF, protini ambayo kinga huitumia kupiga king'ora cha mchochota. Si wote wanaopona, lakini wengi walipata nafuu ambayo dawa za zamani hazikuwapa.

Tatizo ni kwamba TNF hiyohiyo huusaidia mwili kuwafungia vimelea vya kifua kikuu waliolala. Mwaka 2001 watafiti waliripoti wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kutumia infliximab. Tangu hapo, kupima TB iliyojificha kabla ya dozi ya kwanza kumekuwa kanuni.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Tanzania na Kenya zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Isitoshe, TB ya utumbo hufanana sana na Crohn, hata daktari anapotazama kwa kamera. Mgonjwa wa TB akipewa dawa ya kushusha kinga kwa kudhaniwa ana Crohn, ni kama kumwagia moto mafuta ya taa.

Tufanye nini basi? Tusinunue antibayotiki kiholela kila tumbo linapochafuka, kwa sababu huua na bakteria wema. Ukiharisha zaidi ya wiki nne, au ukiona damu kwenye choo, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Mweleze kama umewahi kuugua TB au kuishi na mgonjwa wake. Na ukiandikiwa dawa ya kutuliza kinga, uliza kabla ya sindano ya kwanza: "Daktari, TB tumeshaipima?"