Ulinzi wa Dhahabu, Ulinzi wa Mtu



Dhahabu ya mgodi wa North Mara hutoka Nyamongo chini ya ulinzi, kwa sehemu kubwa husafishwa ng'ambo, kisha huingia katika hazina za benki, pete za arusi na hata simu. Kila kituo cha safari hiyo kina walinzi wake na vyeti vyake. Je, mtu aishiye pale safari inapoanzia analindwa na nani?

Maandishi mema hayakukosekana. Mwaka 2000 serikali za Marekani na Uingereza, pamoja na makampuni na mashirika ya haki za binadamu, zilitoa Kanuni za Hiari kuhusu Usalama na Haki za Binadamu. Barrick, yenye hisa nyingi katika mgodi huo, ilijiunga nazo mwaka 2010. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa mgodini kwa risasi za polisi, kundi kubwa lilipoingia kutafuta mawe ya dhahabu. Mwaka 2012 soko la dhahabu la London likawataka wasafishaji wajihakikishie kwamba dhahabu wanayopokea haikuchangia uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu. Mwaka uliofuata baadhi ya wanakijiji walifungua kesi huko huko London, ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015.

Hatusemi mgodi usilindwe. Polisi nao ni watoto wa watu, na kijana anayeruka ukuta usiku anauchezea uhai aliopewa na Mungu. Lakini mkaguzi asomaye makaratasi ya mgodi peke yake ataona ukuta ulioimarishwa, hatamwona mjane. Nasi tunayo lawama: mara nyingi tumelia, tumezika, wala hatukuandika neno.

Kwa hiyo viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawe na daftari. Mtu akijeruhiwa, atibiwe bila kukawia, fomu ya polisi PF3 ifuatiliwe, na nakala ya kila karatasi ihifadhiwe. Iandikwe siku, saa, mahali na walioona kwa macho yao, si waliosikia. Majina ya mashahidi yasitajwe kanisani, seuze kilabuni. Anayeletewa hati ya fidia asitie sahihi wala dole gumba kabla mwanasheria hajamsomea kwa lugha anayoielewa.

Madaftari yanapatikana katika ofisi ya Parokia.