Mastaa wa Faiba, Mnawaonea Vijana wa Kuediti

Wadau, kuna msanii mmoja hapa Dar, jina naliweka mfukoni, wiki hii kamwaga povu kwenye stori zake za Insta: eti kijana wake wa kuediti ni mvivu, video hazitoki kwa wakati, kwa hiyo kamtimua. Hadharani. Na watu wakacheka weee.

Sasa subirini. Huyu huyu juzi tu alitupostia kipimo cha faiba yake mpya ya nyumbani, gigabiti 1 kwa sekunde, na maneno "tupo levo nyingine". Levo gani? Faiba inaishia sebuleni kwenye ruta. Kutoka pale mpaka chumba cha studio kuna kebo iliyopita ukutani tangu nyumba inajengwa, na katikati kuna swichi ya kizamani ya megabiti 100. Aliyenipa umbea huu ameshakaa kwenye kile kiti cha kuediti, kaiona kwa macho yake.

Haya, tupige hesabu. Siku moja ya kushuti inaleta kama GB 40 za video. Kijana anatakiwa azihamishe kutoka studio kwenda kwenye mashine ya kuhifadhia mafaili, ambayo imewekwa sebuleni pembeni ya ruta. Kwa megabiti 100 hiyo ni karibu saa nzima ya kukodolea skrini. Kwa gigabiti 1 ni dakika sita hivi. Sasa zipeleke, zirudishe, zipeleke tena. Mvivu ni nani hapo kama si swichi? Na swichi ya gigabiti yenye matundu matano haifiki hata nusu ya bei ya raba alizovaa akimtukana mtoto wa watu.

Tatizo la mastaa wetu wanalipia kinachopostika. Kifurushi kinapostika. Ruta yenye antena nane kama buibui inapostika. Kebo ya ukutani nani ataipigia selfie?

Kuna dada mwingine, wa vipodozi, yeye kila siku anaitukana kampuni ya intaneti: analipia megabiti 500, kompyuta ya ghorofani inasoma 94. Dada yangu, 94! Hiyo namba ikigota palepale asubuhi na usiku, ujue ni waya wako unabana, kampuni haihusiki. Fundi wako amebana nyuzi nne kwenye plagi akasema zinatosha. Kwa megabiti 100 zinatosha kweli. Gigabiti inataka nyuzi zote nane zishike, mmoja ukilegea vifaa vinaweza kushuka vyenyewe mpaka 100 na wala havikuambii.

Na msikimbilie kubomoa ukuta. Kebo ikiwa imeandikwa Cat5e na ni shaba kweli, inabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na ukiweka vifaa vipya inabeba hata 2.5. Cat6 inafika 10 kwa umbali mfupi, kama mita 55. Za kukimbia ni zile boksi za bei ya kutupa zilizoandikwa CCA: hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukiikunja kunja inakatika. Fundi akikuletea hiyo, mrudishie.

(Na wewe ambaye kazi yako ni kuangalia series tu, tulia na hela yako. Filamu ya 4K kwa kawaida haili hata megabiti 50, na TV nyingi mpaka leo tundu lake la waya ni la megabiti 100.)

Turudi kwa msanii wetu. Stori ya kumdhalilisha kijana uliiweka, tukaiona wote. Weka na nyingine useme swichi ndiyo iliyokuwa mbovu. Halafu mlipe mshahara wake wa mwezi uliopita, maana nasikia hata huo hajauona.